Benki Yako Ikiungana na Nyengine: Amana, Deni na Hisa Zako Zinakwenda Wapi?



Tarehe 28 Aprili 2025, mjini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Benki ya Ushirika Tanzania, ambayo wengi wanaiita Coop Bank. Benki hii haikuanza patupu. Nyuma yake zipo benki mbili ndogo: Benki ya Ushirika Kilimanjaro (KCBL) ya Moshi, na Benki ya Jamii ya Tandahimba (TACOBA) ya mkoani Mtwara. Mkulima wa korosho aliyeweka akiba yake TACOBA ameona jina la benki yake likibadilika na makao makuu yakiwa Dodoma, wala yeye hakuketi na mtu kuandikiana mkataba mpya.

Jambo hili haliko mbali na sisi wa visiwani. Watoto wetu wanasoma Chuo Kikuu cha Dodoma, ndugu zetu wamehamia huko pamoja na wizara za Muungano, na wapo wafanyabiashara wetu wanaofuata alizeti, vitunguu na zabibu za uwanda wa kati. Zaidi ya hayo, mabenki ni jambo la Muungano. Tawi la benki liwe Darajani, Wete au Singida, msimamizi wake ni mmoja: Benki Kuu ya Tanzania, ambayo makao yake makuu yako Dodoma.

Kwa hiyo inafaa kila familia ijue mambo matatu. Benki zinapoungana, pesa yetu inakuwa mikononi mwa nani? Deni tunalodaiwa linabadilika? Na kama tulikuwa na akaunti isiyo ya riba, mkataba wetu unabaki hai? Tutaanza na sheria ya nchi, kisha tutaingia katika fiqhi.

Kuungana kuko kwa namna tatu

Namna ya kwanza ni benki mbili au zaidi kukubaliana kwa hiari na kuwa kitu kimoja. Mwaka 2020 Benki ya Jamii Mwanga iliungana na taasisi za Hakika na EFC, ikazaliwa Benki ya Mwanga Hakika. Mwaka huohuo matawi ya Tanzania ya benki za NIC na CBA, ambazo wazazi wao walikuwa wameshaungana Kenya, yakawa NCBA.

Namna ya pili ni benki moja kuimeza nyengine. Mfano wake mkubwa ni Benki ya Posta. Mei 2018 ilichukua Twiga Bancorp, benki ya Serikali ambayo Benki Kuu ilikuwa imeishika tangu Oktoba 2016 kwa upungufu wa mtaji. Agosti 2018 ikachukua Benki ya Wanawake, na mwaka 2020 ikachukua TIB Corporate. Julai 2021 Benki ya Posta yenyewe ikabadili jina na kuwa Tanzania Commercial Bank (TCB). Mama aliyefungua akaunti Benki ya Wanawake mwaka 2015, na mzee aliyekuwa na kitabu cha Posta, leo wote ni wateja wa benki moja.

Namna ya tatu si ya hiari. Benki Kuu huishika benki iliyolemewa, kisha huhamisha mali na madeni yake kwenda kwa benki nyengine. Agosti 2018 Bank M ilishikwa kwa sababu haikuwa na ukwasi wa kutosha, yaani pesa za kuwalipa wateja wanaotaka kutoa. Wateja walisubiri kwa miezi, mpaka Januari 2019 ulipotangazwa uhamisho wa mali na madeni yake kwenda Azania Bank.

Kwa nini benki huungana

Sababu kubwa ni mtaji. Benki ya biashara nchini inatakiwa iwe na mtaji wa msingi usiopungua shilingi bilioni 15, na benki ya jamii bilioni 2. Mtaji ni ukuta. Mikopo ikiharibika, hasara hupiga kwanza mali ya wenye hisa kabla haijafika kwenye akiba za wateja. Ukuta ukiwa mfupi, hasara ndogo tu inamfikia mama aliyeweka pesa za ada.

Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilizifutia leseni benki tano kwa upungufu wa mtaji: Covenant, Efatha, Benki ya Jamii Njombe, Benki ya Jamii Meru na Benki ya Ushirika ya Wakulima Kagera. Siku hiyohiyo benki tatu nyengine zilipewa muda hadi mwisho wa Juni 2018 zitafute mtaji: KCBL, TACOBA na Benki ya Wanawake. Msomaji ameshayaona majina hayo hapo juu. Benki ya Wanawake iliingia Benki ya Posta mwaka huohuo; KCBL na TACOBA, baada ya miaka ya kujikongoja, ndizo zilizozaa Benki ya Ushirika ya Dodoma.

Hapo ndipo faida ya kuungana inapoonekana. Wateja wa zile tano zilizofungwa walilipwa na Bodi ya Bima ya Amana kwa kiwango cha wakati ule, kisichozidi shilingi milioni 1.5 kwa kila mmoja. Aliyekuwa na zaidi alilazimika kusubiri mali za benki ziuzwe, agawiwe kitakachopatikana. Mteja wa benki iliyoungana hakupita njia hiyo. Amana yake ilihamia benki mpya pamoja na benki yake.

Sababu nyengine ni gharama. Mifumo ya kompyuta, ulinzi na ukaguzi hugharimu takriban sawa kwa benki ndogo na kubwa. Na kwa ushirika, lengo lilikuwa pia pesa ya mkulima ipite kwenye benki ambayo vyama vyake vina hisa. Korosho inayouzwa kwa stakabadhi ghalani hulipwa kupitia chama cha msingi hadi kwenye akaunti ya mkulima, na benki inayozipitisha pesa hizo ndiyo inayofaidika nazo zinapokaa.

Ngazi za kisheria

Kwanza, bodi za pande zote hukubaliana na kila benki hukaguliwa: mikopo yake, kesi zake, kodi zake na thamani ya mali zake.

Pili, wenye hisa hupiga kura. Uamuzi mzito wa namna hii, kwa Sheria ya Makampuni ya 2002, hutaka azimio maalumu, yaani robo tatu ya kura. Mpango wa kuunganisha kampuni kwa njia ya maridhiano hupitishwa pia na Mahakama Kuu, ili wenye hisa wachache na wadai wapate pa kusema.

Tatu, ni lazima ipatikane idhini ya Benki Kuu kabla, kwa Sheria ya Benki na Taasisi za Fedha ya 2006. Makubaliano ya bodi peke yake hayatoshi. Benki Kuu hutazama mtaji wa benki itakayozaliwa, sifa za viongozi wake na usalama wa wenye amana.

Nne, kwa upande wa Bara, Sheria ya Ushindani ya 2003 inataka muungano unaovuka kiwango cha thamani kilichowekwa upelekwe kwanza kwa Tume ya Ushindani. Hofu ya sheria ni benki moja kuwa kubwa kiasi cha kujipangia bei na ada bila ya mshindani.

Baada ya hapo hutolewa tangazo kwa umma, na siku iliyotajwa ikifika, mali na madeni ya benki iliyomezwa huwa ya benki mrithi.

Kinachomfika mteja, mdaiwa na mfanyakazi

*Mwenye amana.* Anadai kiasi kilekile, lakini anakidai kwa benki mrithi. Namba ya akaunti, kadi na kitabu cha hundi vinaweza kubadilika. Ada nazo zinaweza kubadilika, ila mteja ana haki ya kuarifiwa.

Lipo jambo moja ambalo wengi hawalioni. Bima ya amana huhesabiwa kwa kila mteja katika kila benki, na kiwango chake sasa ni shilingi milioni 7.5. Mwenye milioni 7 katika benki ya kwanza na milioni 7 katika ya pili, zote mbili zina kinga kamili. Benki hizo zikiungana, milioni zake 14 ziko ndani ya benki moja, na kinga inaishia milioni 7.5. Benki ikiwa imara hatodhurika, lakini anayetunza pesa za mayatima au za msikiti anapaswa kulijua hili.

*Mwenye deni.* Deni halifi kwa benki kubadili jina. Tuliwahi kusikia watu wakisema, “Benki imekufa, na deni limekufa nayo.” Hayo si kweli kwa sheria ya nchi wala kwa sheria ya Allah. Mkataba wa mkopo, rehani ya nyumba na saini ya mdhamini huhamia kwa benki mrithi kama vilivyo. Vilevile benki mrithi haina ruhusa ya kubadili masharti kwa kuwa tu imenunua. Muda na kiasi ni vile vilivyoandikwa, isipokuwa mkataba wenyewe uliacha mlango wa mabadiliko, au pande mbili zikubaliane upya.

*Mwenye hisa.* Hulipwa pesa, au hupewa hisa za benki mpya kwa uwiano wa thamani. Hapa ndipo penye ugomvi mwingi, kwa sababu benki dhaifu hujiona ina thamani kuliko mkaguzi anavyoiona.

*Mfanyakazi.* Matawi mawili yaliyotazamana mtaa mmoja hayatobaki mawili. Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri atoe taarifa na kushauriana kabla ya kupunguza watu, na kiinua mgongo kwa anayestahiki ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa miaka isiyozidi 10. Zanzibar kazi si jambo la Muungano. Mfanyakazi wa tawi la Unguja au Pemba anaangaliwa na Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005. Kijana wetu aliyeajiriwa Dodoma na mwenzake wa Chake Chake wanaweza kuwa na mwajiri mmoja na sheria mbili.

Upande wa fiqhi

Allah ametuamrisha kutimiza mikataba katika aya ya kwanza ya Surat al-Maida, na katika al-Baqara, aya ya 282, ametuamrisha kuandika madeni. Kwa hiyo swali la kwanza la fiqhi ni: nilikuwa na mkataba gani?

Akaunti ya kawaida, unayoweka na kutoa utakavyo, Baraza la Kimataifa la Fiqhi katika azimio lake la mwaka 1995 liliihesabu kuwa ni mkopo wa mteja kwa benki. Benki ni mdaiwa wako. Benki hiyo ikimezwa, deni linatoka dhima moja kwenda nyengine, jambo linalofanana na hawala. Katika madhehebu yetu ya Shafi, hawala inataka ridhaa ya mwenye kudai. Na Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba mwenye kuelekezwa kwa mdaiwa mwenye uwezo, na akubali. Basi ukiarifiwa, ukajua benki mrithi ina uwezo na ukaendelea kuitumia, hiyo ni dalili ya ridhaa. Usiporidhika, toa pesa yako na ufunge akaunti.

Akaunti ya mudharaba ni jambo jengine kabisa. Hapa hukuikopesha benki; uliitia mtaji ili ifanye biashara ya halali na mgawane faida. Benki ni mudharibu wako, na ulimchagua yeye. Mafakihi wa Kishafi wameeleza kuwa mudharibu hana ruhusa ya kumpa mtaji mudharibu mwengine bila ya idhini ya mwenye mali, na akifanya hivyo mkataba huo ni fasidi. Ama mwenye mali akimruhusu, na wa kwanza akatoka kabisa na kumwachia wa pili nafasi yake, inasihi. Na hivi ndivyo inavyokuwa benki inapomezwa: wa kwanza ametoka, wa pili ameingia. Kinachobaki ni idhini yako. Kwa hivyo benki ya Kiislamu inayoungana haitoshi itundike tangazo dirishani. Iwaulize wenye akaunti za mudharaba, iwape muda, na asiyetaka arudishiwe mtaji wake pamoja na faida yake.

Vipi benki ya Kiislamu ikiingia katika benki ya riba? Hapo ulizia mambo mawili: je, litabaki dirisha lenye hesabu zake peke yake zisizochanganywa na za riba, na je, ipo bodi ya masheikh inayolikagua? Yakikosekana, aliyekuwa katika mudharaba hana tena kilichomweka pale, na njia salama ni kuhama. Riba ikiwa imeshaingia katika akaunti yako bila ya kutaka, wanazuoni wengi wa zama hizi wanasema itolewe kwa masikini au maslahi ya umma kwa nia ya kujisafisha, si kwa nia ya sadaka.

Mambo yanaweza pia kwenda kinyume chake, na hii ni habari ya kufurahisha. Mwaka 2022 Kuwait Finance House iliichukua Ahli United Bank ya Bahrain, iliyokuwa ikifanya kazi za kawaida za riba, na ikaigeuza kufuata sharia. Dubai Islamic Bank iliimeza Noor Bank mwaka 2020, zote mbili za Kiislamu. Kwa ndugu zetu walioko Oman, Agosti 2023 HSBC Oman iliingia Sohar International. Hiyo ni benki ya kawaida yenye dirisha la Kiislamu, na aliyehamishwa nayo inafaa ajue akaunti yake imeangukia upande upi.

Deni la murabaha halibadiliki. Ukinunuliwa bodaboda au vifaa vya ujenzi kwa bei iliyojulikana, bei hiyo ndiyo unayodaiwa mpaka mwisho. Benki mrithi ikitaka kuongeza kwa sababu umechelewa, na nyongeza hiyo ikawa pato lake, hiyo ni riba ya madeni iliyokatazwa, hata mkataba ukiwa umetoka kwenye mikono mitakatifu. Na wewe mwenye uwezo usicheleweshe kwa kisingizio cha jina kubadilika, kwani Mtume (s.a.w.) ameuita ucheleweshaji wa mwenye uwezo kuwa ni dhulma.

Hisa nazo zina hukumu yake. Azimio la Baraza la Fiqhi la mwaka 1992 mjini Jeddah linasema haifai kuwa na hisa katika kampuni ambayo lengo lake la msingi ni haramu, kama vile riba. Kuna Waislamu, hasa katika mikoa ya korosho, waliojikuta wana sehemu katika benki kupitia vyama vyao vya ushirika. Mtu huyo hakuifuata benki; alijiunga na chama cha mazao. Ushauri wetu ni aulize chama chake namna hisa zinavyoshikwa, na katika mikutano ya wanachama adai huduma isiyo na riba. Mwenye hisa ana kura, na kura ni njia ya kuamrisha mema.

Pesa zikifungwa, kama zilivyofungwa zile za Bank M, nayo zaka je? Kauli yenye nguvu kwa Mashafi ni kuwa mali iliyo nje ya uwezo wako zaka yake inakuwajibikia, lakini hulazimiki kuitoa mpaka mali irudi mikononi mwako. Ikirudi, utatoa ya miaka iliyopita.

Akaunti za marehemu

Jina la benki likibadilika, wanaoumia zaidi ni warithi. Baba alikuwa na kitabu cha Twiga au kadi ya TIB Corporate. Watoto wanakuta kitabu sandukuni, wanauliza mjini, wanaambiwa benki hiyo haipo. Wanakata tamaa, na haki ya mjane inapotea. Benki hiyo ina mrithi, na kwa mifano hii miwili mrithi ni TCB. Wasichelewe, kwa sababu akaunti iliyokaa miaka mingi bila ya kuguswa huhesabiwa mali iliyotelekezwa na hupelekwa Benki Kuu. Warithi wafungue mirathi mahakamani, ateuliwe msimamizi, aende kwa benki mrithi na kitabu cha zamani, cheti cha kifo na hati ya usimamizi. Kabla ya kugawa, yalipwe madeni ya marehemu na wasia wake, kama ilivyo katika Surat an-Nisaa.

La kufanya ukisikia benki yako inaungana

1. Soma tangazo la benki na la Benki Kuu. Usitegemee uvumi wa simu, wala usimpe mtu namba ya siri eti “anakuhamishia akaunti.” Wezi hupenda nyakati hizi.
2. Chukua taarifa ya akaunti iliyogongwa muhuri kabla ya siku ya kuhama, na baada ya kuhama linganisha salio.
3. Jumlisha ulichonacho katika benki zote mbili, ukipime na kiwango cha bima ya amana.
4. Tafuta nakala ya mkataba wako wa deni. Ukimaliza kulipa, dai barua ya kumaliza na hati yako ya nyumba kutoka kwa benki mrithi.
5. Kama una mudharaba, uliza kwa maandishi: nani mudharibu mpya, bodi ya sharia ni ipi, na mgawo wa faida ni upi.
6. Ukidhulumiwa, lalamika benki kwanza kwa maandishi. Usiporidhika, peleka dawati la malalamiko la Benki Kuu.
7. Waambie wa nyumbani kwako akaunti zako ziko wapi sasa. Andika katika wasia jina jipya la benki.

Tunamuomba Allah azilinde mali za waja wake, awape viongozi wa fedha uadilifu, na atutosheleze kwa halali yake tusihitaji haramu. Wallahu a'lam.